Shimo la Kushoto

Uwanja wetu haukujengwa; ulipoa.
Mlima ulitapika, jiwe likatambaa mtaani,
likameza shule, likameza duka la mafuta ya taa,
likachokea hapa. Tukangoja mwaka mzima,
tukapiga nyundo, tukamwaga simenti juu,
tukachora mistari kwa rangi iliyobaki ya mashua.

Ni mweusi hata saa sita mchana.
Ukianguka unaondoka na alama:
angalia magoti ya Goma.
Kavugho huufagia kabla ya kila mechi,
majivu ya usiku, maganda ya karanga,
na husema, "Nafagia mgongo wa moto.
Nyinyi kanyageni tu."

Upande wa kushoto, hatua tatu kutoka mstari wa mtupo huru,
pana mahali mpira unapofia.
Chini ni pango. Simenti inaitika *bwu*,
mpira unarudi hadi gotini,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Wageni hawajui.
Sisi tunajua kabla ya kujua kusoma;
tunapinda pale bila kufikiri,
unavyopinda gizani kwenu usigonge meza.

Mimi ni mwandishi wa alama.
Kiti changu kreti la bia, chaki mfukoni.
Misimu kumi na moja nimeandika,
na nikisema kweli, nusu ya pointi zetu
zilifungwa na lile shimo.

Mwaka huu tukafika mchujo.
Wa Bukavu walikuja kwa meli ya usiku
wamevaa raba nyeupe, maskini.
Watu wakalaza chukudu zao ukutani, wakapanda juu,
wakapiga mbao kwa visigino mpaka ubao wa goli ukatetemeka.
Tukawafunga kwa kumi na nne.
Kwao wakatufunga kwa tisa.
Mechi ya tatu, kura ikaangukia kwao tena:
ukumbi wenye paa, sakafu ya mbao.

Mbao! Zinang'aa hadi unaona chini ya kidevu chako.
Katembo alivua kiatu, akazigusa kwa kidole cha mguu
kama anapima maji ya kuoga.
Hapakuwa na upepo wa kuulaumu.
Kochi Ndoole akadunda mpira peke yake, akiusikiliza,
ukarudi, ukarudi, ukarudi.
"Uwanja huu," akasema, "haumjui mtu."

Robo ya nne. Sekunde sita. Tuko nyuma kwa nne.
Katembo anashuka kushoto,
mbele yake Cirhuza, mikono kama ngazi.
Hatua tatu kutoka mstari
Katembo akapinda.

Hapakuwa na kitu pale. Mbao tu, safi.
Alilikwepa shimo la nyumbani,
shimo lililobaki ng'ambo ya ziwa,
na Cirhuza, aliyemsoma macho, bega, nyonga,
asimsome alikozaliwa,
akaruka upande usio na mtu, akakaa chini.
Wavu ukasema fyu.
Kengele ikalia.

Tulishindwa kwa pointi mbili. Nimeandika hivyo;
kazi yangu ni hesabu.
Melini mtu mmoja alisema msimu ujao tulizibe,
tupate sakafu kama za watu.
Kochi Ndoole akatema mate ziwani.
Hakuna aliyerudia.

Wiki mbili baadaye, mchana, akaja Cirhuza
peke yake, begi begani,
raba zake tayari zimekuwa za kijivu.
Hakunisalimu vizuri. "Nionyeshe," alisema.

Nikamwonyesha. Akadunda.
*Bwu.*
Akadunda tena, akicheka kama mtu aliyeibiwa
na sasa amempata mwizi, na mwizi ni mtoto.
Akapiga magoti. Akaweka sikio juu ya simenti,
akakaa hivyo muda mrefu.

Kavugho akasimamisha ufagio.
"Ondoka hapo, mgeni," akasema.
"Litakuzoea."